Ushahidi wa Asiyejua

Mtoni, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi. Hapa karatasini zitapoa bure. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa sababu ndizo mkono wangu unazozijua, na wewe nilikufunza mwenyewe, basi usilalamike kwamba mwandiko wa mama ni kuku kaparuza. Gari la moshi ni kesho asubuhi na sanduku limeshafungwa. Habari za khanga, za mafuta ya nazi, za kutoazima vitu vya wenzio, zote nimekusomea mpaka umeziba masikio. Humu sirudii hata moja.

Hivi ninavyoandika, wewe upo nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa Bi Badra, nilikokutuma ukamuage. Nilikwambia, "Nenda, ukae, usiwe na haraka, uongee naye." Ukanitazama. Katika miaka kumi na minane sijapata kukutuma kwenda kuongea. Hukuuliza kwa nini, maana wewe huulizi.

Watu wote wa hapa wanakusifia hilo. "Zuhura ana adabu, mkimya, hana maneno. Mtoto kama huyo akiwa muuguzi, siri za wagonjwa hazitatoka." Nami huitikia ahsante. Ahsante ya nini? Ukimya huo hukuzaliwa nao. Ulikuwa mtoto mpayukaji wewe, kasuku mtupu, ukiongea na kuku, ukiongea na mtungi. Ukimya nimekutia mie, kwa kiganja hiki hiki ninachoshikia kalamu, na leo nataka nikwambie siku gani na kwa nini.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunakunja nguo, ukasema bila kuinua kichwa, "Mama, yule mtu wa jino la fedha tuliyemfukia mchangani, alikuwa nani?"

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, wallahi. Ukauona. Ukarudi kukunja nguo, na mie sikukujibu, nawe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilishikwa na hofu, halafu nyuma ya hofu ikaja furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonitisha zaidi. Jawabu la swali lako ni barua hii. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini hukulipata kabla ya kwenda kwa Badra.

Mzee Yahya unamkumbuka, ulikuwa ukimwita babu. Alikuwa Myahudi wa Yemeni, sonara wa fedha, aliyetokea Aden zamani kabla ya Mwingereza kuzoeleka hapa. Mtoni nzima ilimwita Mwarabu kwa sababu ya kilemba chake na kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Mie nilikuwa mpishi wake tangu hujazaliwa. Nyumbani kwake walikuwa watatu tu: yeye, mwanawe Haruni, na mke wa Haruni, ndiye Badra, aliyeletwa kutoka Aden akiwa msichana mdogo mwenye kucheka ovyo. Tulikuwa mashoga kabla hata hajajua Kiswahili.

Jiko la Mzee Yahya lilinitoa jasho. Masufuria ya nyama huku, ya maziwa kule, vijiko mbalimbali, hata vitambaa vya kupangusia. Nikichanganya, balaa. Siku moja nikamuuliza, maana mie sikuumbiwa haya, "Mzee, hasa kitabu chenu kimesema nini?" Akasema kimesema mstari mmoja: usimpike mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Nikangoja.

"Basi?"

"Basi."

"Loo! Mungu kasema mwana-mbuzi, wewe unanikataza kuku kwa mtindi! Kuku ana maziwa gani, Mzee?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza kwamba wao wana Taurati mbili. Moja ni ya maandishi, haiongezwi herufi wala haipunguzwi, na ukiwasomea watu lazima macho yako yawe kitabuni, hata kama unaijua kwa moyo. Ya pili ni ya mdomo. Hiyo ilitoka siku moja na ile ya kwanza, ikapita mwalimu kwa mwanafunzi, baba kwa mwana, na zamani ilikuwa haramu kuiandika. Wazee wao waliiandika baadaye kwa kulazimika, walipoona dunia imewavurugikia na watu watasahau. "Lakini hata leo, Mama Zuhura, iliyo ndani ya kitabu imelala. Mpaka mtu aiseme kwa mtu." Mie nilimwelewa upesi. Msahafu wetu nao umetuamrisha kusali. Adhuhuri ni rakaa ngapi, huikuti humo, tumepokea kwa waliotutangulia. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ewaa. Basi nawe usinichezee na mtindi."

Nakusimulia haya uyajue, maana ndiyo yaliyotufunga sote.

Haruni alikuwa akipeleka kazi za baba yake Kurasini, bangili, vikuku, mikufu. Alikuwa na jino moja la mbele la fedha, baba yake kamfulia, na alipenda kucheka ili lionekane. Maji yalipotoka alikuwa akikata kwa miguu topeni, kando ya mikoko, afupishe njia. Wakati huo ulikuwa na miaka minne na vita vikuu vilikuwa vinaendelea huko kwao Wazungu, mchele wa mgawo. Siku aliyopotea aliondoka asubuhi saa tatu. Alikuachia kipande cha sukari guru kama desturi yake. Kurasini hakufika, na nyumbani hakurudi.

Walimtafuta wakachoka. Baada ya hapo Mzee Yahya akaanza jambo lililowatia watu baridi. Kila maji yalipotoka na kila yalipojaa alikwenda ukingoni peke yake akasimama. Anatazama mbele, anageuka, anatazama, anageuka tena, mpaka amalize pande nne. Midomo inatembea. Siku moja nikamfuata na chai. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba ile Taurati ya mdomo inasema hivi: mtu akizama katika maji yenye mwisho, maji ambayo ukisimama unaziona kingo zake zote, ukangoja kadiri roho inavyoweza kukaa asitoke, mkewe ni mjane. Lakini akizama katika maji yasiyo na mwisho, yasiyoonekana ng'ambo, mkewe amefungwa, haolewi tena. Huenda mtu katoka mahali usipopaona wewe. Sasa hapa kwetu mkono wa bahari unaingia ndani. Maji yakitoka unaona pande zote nne, yakijaa unafunguka mpaka bahari kuu.

"Mama Zuhura," akasema, "maji haya yana mwisho au hayana?"

Na alikuwa ananiuliza kweli, anataka jawabu, kwangu mie mpishi. Nikamwambia chai inapoa.

Nyumba ile ikawa nyumba ya mtu asiye hai wala maiti. Kulia kilio cha msiba ni mwiko, maana jirani akisikia kilio atasema Haruni kafa, na kesho mtu atampelekea Badra posa, naye ni mke wa mtu. Kufurahi nako haiwezekani. Badra alipakua sahani ya mumewe kila mlo, akaifunika, jioni akaifunua akawapa kuku. Makubadhi yake Haruni yalikaa mlangoni yametazama ndani. Asubuhi moja niliyakuta yamelowa, mchanga mbichi kwenye kisigino. Nikamuuliza Badra kama kayavaa. "Nilidhani wewe umeyaosha," akasema. Hatukuyazungumza tena. Yalilowa mara nyingi baada ya hapo, hata jua kali, na mpaka leo sijui ni miguu ya nani.

Nami nilijua Haruni yuko wapi. Naam, nilijua. Siku zote hizo nilikuwa najua.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikata boriti mikokoni bila kibali cha msitu. Alishafungwa mara moja kwa kosa hilo, na alitoka humo mgongo umeharibika. Siku ya pili baada ya Haruni kupotea, maji yametoka, nilimpelekea chakula huko huko, wewe nimekushika mkono. Tukamkuta baba yako amesimama kama aliyepigwa na kitu. Haruni alikuwa amekwama kwenye mizizi, chali, uso haujaguswa hata na kaa. Mdomo umefunguka kidogo. Jua limepiga lile jino.

Baba yako alisema, "Tukipeleka habari tutaulizwa tulikuwa tunafanya nini huku. Na mwenye kuokota maiti ndiye muuaji, mama Zuhura, unawajua askari hawa." Nikasema sawa. Usimlaumu peke yake. Nilisema sawa kabla hajamaliza. Tukampandisha juu ya alama ya maji, tukachimba kwa panga na mikono, tukamlaza, tukamsomea Fatiha kwa sababu ndiyo tuliyoijua. Wewe ukaanza kulia. "Mbona mnamfunika Haruni usoni? Hatapumua." Nikakwambia usiseme. Masika ile ile maji yalibomoa ukingo wote ule, na tulipokwenda kutazama hapakuwa na kaburi, hapakuwa na ukingo, tope tupu limelala sawasawa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa wiki ya tatu. Tupo jikoni kwa Mzee Yahya. Badra anachambua mchele wa mgawo, mawe nusu mchele nusu. Mie namenya vitunguu. Wewe upo mkekani na kikombe chako. Badra akapakua sahani ya mumewe akaifunika kawa. Ukamtazama, ukasema kwa sauti yako ile ya kasuku, wala hukuwa na baya lolote, "Bi Badra, Haruni hali. Haruni amelala mcha..."

Nikakupiga kibao cha mdomo. Kiganja kizima. Damu ikatoka kwenye ufizi, na hukulia, ulinitazama tu. Nikasema, "Ana homa huyu, anaweweseka." Badra akakupakata, akakupangusa damu kwa ukaya wake, akaniambia kwa upole, "Mama Zuhura, mtoto hapigwi mdomoni." Siku hiyo hukusema tena. Wala kesho yake. Idd ikaja, ikapita, hukuwa umesema hata maji. Ulipokuja kurudisha maneno yalikuwa machache, yamepimwa, kama ulivyo sasa. Watu wakasema mtoto kakua. Mie nilikuwa nikikutazama umelala nalia ndani kwa ndani, na asubuhi sisemi kitu.

Tangu siku ile Mzee Yahya naye akaanza kituko kipya. Anabeba kigoda chake, anakaa mlango wa jikoni. "Mama Zuhura, nyumba kimya mno. Ongea."

"Niongee nini, Mzee?"

"Lolote. Habari za mjini. Habari za watu. Baba Zuhura huko anakokwenda huona nini?" Halafu ghafla anajifunika mdomo kwa mkono, anainuka, anaondoka haraka kama kaona nyoka. Kesho yake karudi na kigoda. Nikasema uzee huo. Miaka miwili, Zuhura, alileta kigoda kile. Mie nilimsimulia habari za bei ya nazi.

Baba yako alikufa kwa kifua ulipokuwa na miaka sita. Nikaona sasa hakuna wa kufungwa, na Badra nilikuwa namwona anavyonyauka, basi nitasema. Lakini mama yako ana kiburi. Nikajiambia jambo kubwa hili, halisemwi jikoni na harufu ya vitunguu. Nikaenda mjini kwa karani anayewaandikia watu barua barazani. Nikamweleza yote. Akaandika kwa herufi za Kizungu: mimi fulani binti fulani, mwenye akili timamu, nashuhudia kwamba. Akanichovya dole gumba kwenye wino, akagonga muhuri wake. Nilirudi kwa miguu Barabara ya Kilwa nzima, karatasi kifuani, najiona malaika.

Nikamkabidhi Mzee Yahya kwa mikono miwili. "Karatasi ya nini?" akauliza.

"Ushahidi, Mzee. Nimekuja kumfungua Badra. Haruni amekufa, nilimwona kwa macho yangu, uso wake mzima, tulimzika."

Alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni.

"Nani kakwambia useme neno hilo, ushahidi?"

Kisha akanieleza polepole, na kila neno lilinipiga. Maandishi yao yanasema jambo huthibiti kwa mashahidi wawili, basi. Lakini wazee wa ile Taurati ya mdomo waliwaona wanawake wanaozea ndani kwa ajili ya waume waliozama, wakawaonea huruma, wakalegeza. Wakasema, kwa kumfungua mke, shahidi mmoja anatosha. Mwanamke anatosha. Hata mtu asiye wa kwao anatosha, maadamu anasema tu maneno yake, anapiga soga, hajui kwamba anashuhudia. Akijua, akija kwa kusudi, hakubaliwi. "Ungesema unamenya vitunguu," akaniambia. "Ungesema, maskini Haruni, siku ile tulivyomzika. Maneno matano. Badra angekuwa huru kabla vitunguu havijaiva. Nawe umekwenda kwa karani."

Nikasema basi nichane karatasi. Akasema, "Karatasi utaichana. Kujua utakuchanaje?"

Hata hivyo aliwaandikia wanazuoni wa Aden, akiomba. Miezi ikapita, jawabu likaja: mwanamke huyu anajua anachofanya, hatuwezi. Sikuchukia dini yao, usidhani. Uzi ulikuwepo wa kumvuta Badra, wameusokota kwa huruma, na mie ndiye niliyeukata kwa kisu cha wino.

Badra alikuwa anajua sasa kwamba ni mjane, na hakuruhusiwa kuwa mjane. Asubuhi moja akanijia jikoni, macho mekundu, akasema, "Mama Zuhura, sema tena. Sema kama hujui." Mzee alikuwa kawaita wafanyabiashara wawili wa kwao waliokuwa wakipita, kawakalisha sebuleni nyuma ya pazia. Niliziona ncha za viatu vyao. Tukaanza kuongea, mie na shoga yangu, habari za samaki, habari za mvua, na ndani ya maneno akawa ananiachia nafasi, ananyamaza, ananingoja. Nikasema, "Maskini Haruni, siku tuliyomzika..." Sauti ilikuwa yangu lakini nilikuwa nasoma. Mwenyewe nilijisikia nasoma. Nyuma ya pazia Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Hapana. Anajua."

Unadhani tuliacha? Kwa miezi mingi Badra aliendelea kuniachia nafasi. Tunafua, ananyamaza. Tunachambua mchicha, ananyamaza. Kila siku niliiona ile nafasi, na ulimi ukanifia mdomoni. Mwisho akaacha. Alinisamehe, naye huniambia hivyo, na huwa nasikia uchungu zaidi akisema. Mwaka juzi alinionyesha mvi zake akacheka kidogo: "Nywele zangu zimekuwa wajane kabla yangu."

Na bado hujasikia lililo baya kuliko yote. Mzee Yahya alipokuwa amelala kwa maradhi yaliyomchukua, nilikuwa namnywesha uji mchana mmoja, akanishika mkono. Akasema, "Siku ile nilikuwa sebuleni. Nilimsikia mtoto. Haruni hali, Haruni amelala. Nikasimama. Neno moja lilibakia, Mama Zuhura, neno moja la mtoto asiyejua kitu, na mie nipo, na Badra yupo. Halafu nikasikia kibao."

Kijiko kilinianguka. "Mbona hukuniuliza, Mzee? Miaka miwili!"

"Ukiulizwa umeshaharibika. Niliweka kigoda changu nikangoja uchoke kunyamaza."

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia, ningejua pa kukaa.

Sasa mwanangu, unakwenda kufunzwa uuguzi, utapewa kadi za wagonjwa. Zisome, tena zisome herufi kwa herufi, macho yasitoke, usijifanye unajua kwa moyo. Lakini mgonjwa atakwambia jambo lake hasa wakati unamgeuzia shuka, naye hata hajui kwamba amekwambia. Usimkatize hapo. Usikimbilie kalamu. Hilo nimelilipia. Na utasikia watu wakisema mdomo uliponza kichwa, ni kweli uliponza, nimewaona walioponzwa. Mie kilichoniponza ni kufunga mdomo usio wangu. Ukija kupata watoto, wakisema jambo la kukutisha, chomeka mikono yako kwenye khanga mpaka wamalize. Nakuomba radhi, Zuhura. Sijawahi kukuomba, nakuomba leo. Nilikuogopa ukiwa na miaka minne, na kwa woga huo nikakupiga.

Kuna jambo la mwisho. Kaka yake Badra amefika kutoka Aden juzi, yeye na mzee mwenzake, wote wasomi wa dini yao, kumchukua. Watu wa dini yao huko wanahama wote, hakuna tena wa kubaki. Wiki ijayo wanapanda meli. Akienda hivi alivyo, atafika kwenye mji ambako kila mtu anaisoma habari yake, na atakaa humo si mke si mjane mpaka afe. Leo wote watatu wako pale sebuleni. Nami Alhamisi nilisikia kinywani mwako kwamba bado unakumbuka, na kwamba humjui ni nani. Jina limekutoka, jino limebaki.

Basi nimekutuma ukaage. Sikukwambia neno. Ningekwambia nusu ya neno, ningekuharibu kama nilivyojiharibu. Je, huku kutokwambia nako ni hila? Wanaweza kusema kwamba mama alijua, mtoto kabeba ujuzi wa mama kama mzigo uliofungwa? Mzee Yahya angekuwa hai ningemuuliza. Najua moja tu, kwamba wewe hujui. Na kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa jambo nililokuficha.

Lakini huenda umekaa pale na kahawa yako umesema ndiyo, umesema hapana, umesema Mungu akupe safari njema Bi Badra, basi. Hivyo ndivyo nilivyokufunza. Ukirudi hivyo, barua hii naitia motoni nami nitakupa salamu na kashata za njiani, wala hutajua kwamba iliandikwa. Ukiwa unaisoma, jua kwamba ulisema.

Jua limeshuka usawa wa dirisha. Umekaa sana. Nimekwenda mlangoni mara mbili. Kuku wa Badra wametulia uani, hakuna sauti inayotoka mle, hata ya kikombe. Sijapata kuisikia nyumba ile kimya namna hii, na nimeijua katika kimya chake chote. Natamani kuja kukuita. Nimeichomeka mikono yangu kwenye khanga, nimekaa.

Kuna mtu kasema kitu. Sauti ya mwanamume, amerudia mara mbili, kama anayekuuliza uanze upya. Halafu yule mwingine akamkatiza, kama anayemkataza asiulize.

Sasa ni wewe. Siyasikii maneno, nasikia kwamba ni wewe, na kwamba unaongea. Unaongea mfululizo, Zuhura, kama ulivyokuwa ukiongea na kuku.

Umenyamaza.

Ya Rabi.

Huyo ni Badra. Analia, mwanangu. Analia kilio chenyewe, cha msiba, sauti juu kabisa, anamtaja mumewe kwa jina, na hakuna anayemnyamazisha. Majirani wanatoka nje wanaulizana nani kafa. Naweka kalamu. Shoga yangu kafiwa, na mie bado nimekaa.